Shabiki Mwanzoni mwa Msimu

Mkulima ana vuli na masika, mvuvi ana kusi na kaskazi, na shabiki wa mpira wa miguu ana mwanzo wa msimu. Huo ndio wakati ambapo timu zote ni sawa, kwa maana hakuna iliyoshinda wala iliyoshindwa, na msimamo wa ligi ni kama ubao uliofutwa. Bingwa wa mwaka uliopita hana pointi hata moja, na timu iliyopanda daraja juzi haina upungufu wa pointi hata moja. Kila shabiki huamini kwamba mwaka huu ni wake. Kuamini hivyo si upumbavu, lakini imani hiyo ina adabu yake. Katika insha hii nataka kuzungumza nawe, msomaji, juu ya adabu hiyo: jinsi ya kuisoma orodha ya wachezaji kabla mpira haujapigwa, na jinsi ya kuyapima matokeo ya michezo ya kwanza bila kujidanganya wala kujitesa.

Kwanza yafaa ujue nasema kutoka wapi. Mimi ni mkazi wa Athi River, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, katika Kaunti ya Machakos. Kama hujapata kufika, basi elewa kuwa ni mji wa kazi. Reli ilipita hapa tangu zamani. Shirika la nyama, Kenya Meat Commission, lilianzishwa mwaka 1950. Viwanda vya saruji vikafuata, na baadaye likatengwa eneo la viwanda vinavyouza bidhaa zake nchi za nje. Kazi iliwaita watu, na watu wakaitika kutoka kila pembe ya Kenya. Katika nyumba za kupanga za mji huu, Mkamba na Mluo hutenganishwa na ukuta mmoja, na Mluhya, Mkikuyu, Mkisii na Mmaasai huchota maji bomba moja. Vumbi la saruji haliulizi kabila la mtu. Humwangukia kila mmoja kichwani kwa kipimo kilekile.

Timu yangu ni AFC Leopards, ambayo sisi mashabiki huiita Ingwe, neno la Kiluhya lenye maana ya chui. Mimi mwenyewe ni Mkamba. Vijana wa mtaani kwetu hawachoki kuniuliza, "Mzee, Ingwe ni ya Waluhya. Wewe Mkamba unatafuta nini huko?" Mimi huwajibu kwa historia. Timu hii ilianzishwa mwaka 1964, nayo katika miaka yake ya mwanzo ilichukua jina la Abaluhya. Serikali ilipotaka vilabu vya michezo viache majina ya kikabila, jina likabadilishwa mwaka 1980, na herufi zile tatu, A, F na C, zikawekwa kusimamia shirikisho la wacheza mpira wote. Neno "wote" ni pana, vijana wangu. Halina ukuta, wala mlango wenye bawabu. Mkamba wa Athi River ameingia kupitia neno hilo, na hakuna aliyemwambia atoke.

Niliingia nikiwa mvulana, kwa njia ya redio. Wengi wa rika langu waliupenda mpira kwa masikio kabla ya kuupenda kwa macho, kwa kuwa uwanja ulikuwa mbali na nauli ilikuwa ghali, lakini sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela ilifika mpaka jikoni. Miaka ile Leopards ilikuwa simba wa nyika. Ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1982, ikalitwaa tena 1983, na tena 1984, mara tatu mfululizo. Mtoto aliyelelewa na ushindi kama huo hudhani kuwa ushindi ni mali ya urithi.

Haikuwa hivyo. Ubingwa wa ligi wa mwisho niliousherehekea ulikuwa wa mwaka 1998. Baadaye chui alishuka daraja, akahangaika huko chini, akarudi katika ligi kuu mwaka 2009. Tulipata faraja ya kombe la nchi mwaka 2013 na tena mwaka 2017. Lakini mpaka msimu wa 2024/2025 ulipokwisha, taji la ligi lilikuwa bado halijarudi nyumbani. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ubingwa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mwenye kazi na pengine mwenye watoto, bila kuiona timu ya mzazi wake ikilishika taji lile. Kwa hiyo, msomaji, ninapokuambia kuwa kila mwanzo wa msimu moyo wangu hudunda upya, usidhani ninasema kwa kushiba. Ninasema kwa njaa.

Basi tuifungue orodha ya wachezaji. Siku inapotangazwa, watu wengi huuliza swali moja tu: nani amekuja? Hilo ni swali la mtu aendaye arusini kutazama nguo. Swali la kwanza la mwenye busara ni hili: nani ameondoka? Anayekuja ni ahadi, lakini anayeondoka ni pengo, na pengo huonekana kabla ya ahadi kutimizwa. Chukua mfano wa mahasimu wetu, Gor Mahia. Mwaka 2015 walimaliza ligi bila kushindwa hata mchezo mmoja, jambo ambalo ni haki kulisifu hata kama linatuuma. Katika kikosi kile alikuwamo kijana Michael Olunga, aliyefunga mabao 19 katika ligi. Msimu ulipokwisha, Olunga alikwenda Sweden kuichezea Djurgården. Majina mengi makubwa yalibaki katika orodha ya Gor Mahia, lakini mwanzoni mwa mwaka 2016 waliondolewa mapema katika mashindano ya mabingwa wa Afrika na CNaPS Sport ya Madagaska, na ubingwa wa nchi mwaka huo ukachukuliwa na Tusker. Sisemi kuwa mtu mmoja ndiye timu. Nasema kuwa nguzo moja ikiondolewa, fundi hapaswi kuzihesabu zilizobaki tu. Lazima aangalie paa lilikuwa limeegemea wapi.

Swali la pili ni hili: nyuma ya kila mchezaji yuko nani? Wachezaji kumi na mmoja wa kwanza hujulikana na kila mtu, hata muuza karanga langoni. Lakini msimu wa timu kumi na nane una michezo 34. Katika michezo hiyo mtu ataumia goti, mwingine atakusanya kadi za manjano na kukosa mchezo, mwingine atafiwa na kwenda kuzika. Tena, zamani kocha aliruhusiwa kubadili wachezaji watatu. Tangu mwaka 2020 sheria za mchezo zimemfungulia njia ya kubadili watano. Maana yake ni kwamba watu kumi na sita wa timu moja waweza kuukanyaga uwanja siku moja. Timu yenye nyota watano na kivuli nyuma yao itang'aa mwezi wa kwanza na kufifia mwezi wa tano. Mimi nikiipokea orodha huanzia chini. Humtafuta mlinda mlango wa pili, na mlinzi wa kushoto wa akiba, watu ambao hakuna anayewaimbia nyimbo. Nikiwaona wako imara, hulala usingizi.

Swali la tatu ni la umri. Timu ya wazee watupu hujua njia lakini haifiki mapema. Timu ya vijana watupu hufika mapema lakini pengine imefika kusiko. Leopards tuliionja hali hii kwa lazima. Mwaka 2021 shirikisho la mpira wa miguu la dunia, FIFA, liliizuia timu yetu kusajili wachezaji wapya kwa ajili ya madeni iliyodaiwa na watu waliopata kuitumikia. Kocha wa wakati ule, Patrick Aussems kutoka Ubelgiji, alilazimika kuwategemea vijana chipukizi. Ilikuwa adhabu, nayo iliuma. Lakini adhabu ile ilifungua mlango ambao fedha isingeufungua: wavulana ambao wangekaa benchi miaka mitatu walipewa jezi na kuambiwa wacheze. Walianguka, wakainuka, wakakomaa mbele ya macho yetu. Tangu siku zile, katika orodha yoyote, jina la kijana nisiyemjua halinitishi. Hunifanya nisogee mbele kidogo kwenye kiti changu.

Swali la nne halimo katika orodha, nalo ndilo zito kuliko yote: je, watu hawa watalipwa? Orodha ya wachezaji huandikwa kwa wino, lakini hutunzwa kwa mshahara. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa ligi na wa timu za Gor Mahia na Leopards, ilijiondoa baada ya mgogoro wake na serikali. Vilabu vikabaki kama watoto walioachwa njiani usiku. Katika msimu huo wa 2019/2020 Sony Sugar ya Awendo, iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 2006, iliondolewa katika ligi kwa kushindwa kufika kwenye michezo yake. Hebu fikiri: timu iliyowahi kuvaa taji ilikosa uwezo wa kufika uwanjani! Ligi yenyewe ikakatizwa mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, na Gor Mahia ikatangazwa bingwa. Kwa hiyo shabiki anayemzomea mchezaji kwa kukosa nguvu dakika ya themanini, ajiulize kwanza kama mtu yule alikula mchana.

Hapo, msomaji, ndipo ninapotaka kukuelekeza macho yako mjini kwetu. Ukipita Athi River Jumamosi jioni utayaona mabanda yenye televisheni yamejaa vijana hadi mlangoni. Wanaziangalia Arsenal, Chelsea na Manchester United. Waulize orodha ya wachezaji wa timu hizo nao watakuhesabia kama mtoto ahesabuye vidole vyake: nani amenunuliwa, kwa kiasi gani, na nani anaumwa kifundo cha mguu. Waulize jina la mlinda mlango wa Leopards, au wa timu yoyote nyingine ya Kenya, nao watanyamaza. Sina ugomvi na mpira wa Ulaya. Kizuri ni kizuri hata kikiwa ugenini. Lakini kiingilio wanachotoa bandani hakimfikii hata mchezaji mmoja wa Kenya, na mashabiki wa London hawatahisi upungufu ikiwa kijana mmoja wa Athi River atakosekana. Uwanjani kwetu upungufu wake huonekana kwa macho. Ni kiti kitupu, na viti vitupu vikizidi, mdhamini naye huondoka.

Sasa mpira umepigwa, na michezo ya kwanza imekwisha chezwa. Hapa ndipo mashabiki hugawanyika makundi mawili, na yote mawili yana ugonjwa. Kundi la kwanza hushinda mara mbili na kuanza kupanga maandamano ya ubingwa. Kundi la pili hushindwa mara mbili na kudai kocha afukuzwe kabla ya jua kuzama. Dawa ya wote ni hesabu, somo ambalo wewe mwanafunzi unalo darasani kila siku. Ushindi una pointi 3. Michezo 34 ina pointi 102. Timu iliyocheza michezo minne imegusa pointi 12 tu, na pointi 90 bado ziko njiani. Je, utamhukumu msafiri wa Mombasa kwa mwendo wake kabla hajaufikia mlima Lukenya?

Mifano ipo. Mwaka 2009 Sofapaka ilipanda katika ligi kuu kwa mara ya kwanza. Mgeni aliyekuja kukopa jembe akavuna kuliko wenye shamba: msimu ulipokwisha Sofapaka ilikuwa bingwa. Mwingine ni Kenya Police. Katika msimu wa 2024/2025 timu hiyo ilibadili kocha hali msimu umekwisha anza, jambo ambalo aghalabu ni dalili ya nyumba isiyo na utulivu. Lakini ilimaliza ikiwa bingwa wa Kenya kwa mara ya kwanza katika historia yake. Aliyewacheka mwanzoni alilazimika kuwapigia makofi mwishoni.

Lakini usiichukue hesabu hii ukaifanya mto wa kulalia. Ingawa michezo ya kwanza haitoi hukumu, inatoa pointi, na pointi ya mwezi wa kwanza ina uzito uleule wa pointi ya mwezi wa mwisho. Katika msimu wa 2021/2022 Tusker na Kakamega Homeboyz walimaliza kila mmoja akiwa na pointi 63. Taji likaenda kwa Tusker kwa tofauti ya mabao. Fikiri jinsi mashabiki wa Kakamega walivyorudi nyumbani wakizihesabu sare walizozidharau mwanzoni, na mabao waliyokosa siku ambayo yalionekana kuwa mapambo tu! Haba na haba hujaza kibaba, na haba zilizomwagika mapema hazizoleki siku ya kupima.

Kwa hiyo adabu ninayoifundisha ina sehemu mbili, nazo lazima zikae pamoja kama mbawa za ndege. Mchezaji na aucheze mchezo wa kwanza kana kwamba ni wa mwisho, maana pointi hazina umri. Shabiki na auangalie mchezo wa kwanza akijua kuwa si wa mwisho, maana timu ina umri: huzaliwa, hutambaa, ndipo ikasimama. Wachezaji wapya hawajajua mwenzao hupenda mpira wa mguu upi. Mvua za vuli nazo huja mapema katika msimu na kuvigeuza viwanja kuwa mashamba ya mpunga, na timu ya pasi fupi hujikuta inalima badala ya kucheza. Mwenye haraka huona kushindwa, lakini mwenye subira huangalia kwa nini. Je, walinzi walisaidiana? Je, baada ya bao la kwanza vichwa vilianguka? Je, kijana aliyepoteza mpira alikimbia kuutafuta, au alisimama akimlaumu mwenzake? Majibu ya maswali hayo hunifundisha zaidi kuliko tarakimu mbili zilizoandikwa ubaoni.

Mimi nimejiwekea desturi, nawe waweza kuijaribu. Katika michezo mitano ya kwanza sitamki hukumu juu ya mchezaji yeyote mpya. Nikimsifu, namsifu kwa jambo moja alilolifanya. Nikimkosoa, namkosoa kwa jambo moja alilolifanya. Simwiti mfalme wala simwiti mzigo. Jirani yangu, Mluo wa Gor Mahia, hunicheka kwa desturi hiyo. Yeye hukata shauri mapema, dakika kumi zikiwa hazijapita, na akikosea hukata jingine. Tunataniana mpaka usiku, na asubuhi tunasubiri gari moja kwenda kazini. Zamani palikuwa na watu waliodhani timu zetu mbili haziwezi kukutana bila mawe kurushwa, na siku nyingine walisema kweli. Ukuta mmoja kati ya nyumba zetu umetufundisha njia nyingine. Anayerusha jiwe uwanjani Jumapili humkuta aliyerushiwa kiwandani Jumatatu, na wote wawili wanavaa ovaroli za rangi moja.

Pengine utaniuliza, mzee wa miaka mingi bila taji hupata faida gani katika haya yote? Ni swali la haki. Sijapata fedha, wala sijapata sifa. Nilichopata ni mazoezi ya tumaini. Kutumaini ukiwa unashinda ni rahisi, hata mtoto mchanga hutumaini akiwa na titi kinywani. Kutumaini mwaka baada ya mwaka, ukiyajua mapengo ya orodha yako, ukiyajua madeni ya klabu yako, na bado ukanunua tiketi kwa fedha uliyotoka jasho kuipata, hiyo ni kazi, na kama kazi nyingine humjenga mtu. Nimewaona wenzangu waliojifunza kazi hiyo uwanjani wakaitumia walipopunguzwa kiwandani. Walijua jinsi ya kuanza tena wakiwa na sifuri.

Basi wewe msomaji kijana, msimu ujao utakapoanza, chagua timu ya nchini mwako. Sikuombi uchague yangu, ingawa nitafurahi. Soma orodha yake kutoka juu hadi chini, na hasa chini. Jifunze jina la mlinda mlango wa pili. Okoa shilingi chache uende uwanjani mara moja, ukae kati ya watu usiojua lugha ya mama zao, uimbe nao. Timu yako ikishinda mchezo wa kwanza, furahi kwa kiasi. Ikishindwa, huzunika kwa kiasi. Na wiki itakayofuata, urudi. Yule kijana ambaye jina lake hakuna alijuaye bado, anayepasha mwili moto kando ya mstari akisubiri kuitwa, atatazama jukwaani kabla ya kuingia. Ni vizuri akikuta watu.